Mnyonyadamu wa Ndoto na Mumiani wa Mjini: Historia ya Hadhira Iliyogawanyika

1.0 Utangulizi

Filamu za wanyonyadamu zilizotengenezwa Ulaya kwa gharama ndogo, hasa kati ya miaka ya 1960 na 1980, zimewagawa wahakiki kwa muda mrefu. Wapo wanaoziona kuwa ushairi wa picha, kazi za kisurealisti zinazofuata mantiki ya ndoto. Wapo pia wanaoziona kuwa kazi duni, zisizo na msuko wala uigizaji wa maana, zilizodumu sokoni kwa kuuza miili ya wanawake. Aghalabu mgawanyiko huu hufafanuliwa kwa kigezo cha elimu ya hadhira: aliyesoma huona sanaa, asiyesoma huona vurugu. Makala hii inapinga ufafanuzi huo. Inadai kwamba kinachoigawa hadhira ni swali la kale zaidi: damu inaponyonywa, je, pana mtu wa kulaumiwa? Hoja hii inajengwa kwa kuzilinganisha filamu hizo na masimulizi ya mumiani ya Afrika ya Mashariki, kisha inapimwa katika mazingira ya Kajiado na Kitengela, ambako damu, ardhi na ajira zina historia yake mahsusi.

2.0 Paris, 1968

Mfano ulio bayana ni wa mwongozaji Mfaransa Jean Rollin (1938–2010). Filamu yake ndefu ya kwanza, Le Viol du vampire, ilianza kuwa filamu fupi ya kusindikiza filamu ya Kimarekani, kisha ikarefushwa. Wahusika waliokwisha kufa katika sehemu ya kwanza ilibidi wafufuliwe ili sehemu ya pili ipatikane. Ilionyeshwa Paris mwezi wa Mei 1968, wakati wa migomo na maandamano. Watazamaji walikasirika, wakapiga kelele na kuirushia vitu skrini.

Yafaa ikumbukwe kwamba hao walikuwa wakazi wa mji uliojivunia kuuzaa usurealisti wenyewe. Elimu ya sinema haikuwakosa. Walichokosa ni sababu ya matukio. Rollin hakubadili mwenendo. Katika Le Frisson des vampires (1971) mnyonyadamu anatokea ndani ya saa kubwa ya kusimama, na hakuna anayeeleza aliingiaje. Katika Requiem pour un vampire, ya mwaka huohuo, sehemu kubwa ya mwanzo inapita karibu bila mazungumzo, huku wasichana wawili waliovaa kama vinyago vya sarakasi wakikimbia. Ufuo uleule wa karibu na Dieppe unarudi katika filamu zake kadhaa, kama kiitikio katika utenzi. Ufukara wa fedha uliigeuza mandhari iliyopatikana bure kuwa mtindo. Miongo miwili baadaye, kanda za video ziliwapa watazamaji wapya nafasi ya kuitazama picha moja mara nyingi, na katika miaka ya 1990 sifa za Rollin zikaanza kupanda. Filamu zilikuwa zilezile; kilichobadilika ni namna ya kuzitazama na matarajio ya mtazamaji.

3.0 Mumiani na wazimamoto

Afrika ya Mashariki haikungoja sinema ili impate mnyonyadamu wake. Neno mumiani lina asili ya Kiajemi, nalo lilitaja dawa nyeusi mfano wa lami iliyotumiwa kutibu mifupa iliyovunjika na maradhi mengine. Kamusi Sanifu ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939, iliyosimamiwa na Frederick Johnson, inaeleza maana hiyo, kisha inaeleza imani ya watu wengi kwamba dawa hiyo ni damu ya binadamu, na hofu iliyouenea mji pale uvumi wa mumiani ulipozuka. Nairobi na Kampala damu ilisemekana kunyonywa na wazimamoto, yaani askari wa kikosi cha zimamoto.

Luise White, katika kitabu chake Speaking with Vampires (2000), ameyachukulia masimulizi haya kuwa hazina ya mwanahistoria badala ya kuyadharau kama ujinga. Ameonyesha kwamba yamejaa mambo ya kazi: sare, magari, ndoo, mashimo, mishahara na zamu za usiku. Mara nyingi anayewakamata wahasiriwa ni Mwafrika aliyeajiriwa, anayefanya kazi chini ya bwana wa Kizungu. Kwa hiyo mumiani ana mwajiri. Hapa ndipo anapotengana kabisa na mnyonyadamu wa Rollin, ambaye hana mshahara wala ofisi.

Tofauti hiyo ina gharama yake. Mwaka 1959, huko Buguruni, Dar es Salaam, polisi mmoja aliuawa na umati kwa sababu ya tetesi za mumiani. Simulizi linalomtaja mkosaji linaweza kusema kweli kuhusu unyonyaji wa jumla, na papo hapo likamwangamiza mtu ambaye hakumnyonya yeyote. Mhakiki anayesifu uhalisia wa mumiani hana budi kulikumbuka kaburi hilo.

4.0 Hadhira ya kubuniwa

Wakati masimulizi hayo yakienea, watawala walikuwa wakibuni nadharia kuhusu mtazamaji Mwafrika. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa filamu za elimu, uliokuwa na makao Vugiri, Tanganyika, ulizungusha filamu kwa lori katika makoloni ya eneo hili. Idara ya Filamu za Makoloni ilipoundwa mwaka 1939, kiongozi wake, William Sellers, alishikilia kwamba Mwafrika ahitaji picha za polepole, zenye mfululizo usiokatika, zisizo na hila za kamera.

Ukichunguza utaona kwamba vilivyopigwa marufuku ndivyo hasa vyombo vya filamu ya kisurealisti: mruko wa wakati, mtu kutoweka, kitu kimoja kugeuka kingine. Lakini watu waliodhaniwa hawawezi kuufuata mruko wa picha walikuwa wakisimuliana jinsi mtu anavyodumbukia shimoni chini ya sakafu na kuibukia mahali pengine. Walikubali ajabu bila taabu, mradi ajabu hiyo ifafanue jambo. Sellers aliliona tatizo la macho pale palipokuwa na dai la maana.

5.0 Kajiado na Kitengela

Kajiado inaongeza kipimo cha tatu. Katika desturi ya Wamaasai damu ni chakula. Shingo ya ng'ombe hufungwa kamba, mshipa hutobolewa kwa mshale maalumu, damu hukingwa katika kibuyu, kisha jeraha huzibwa na mnyama hurudi malishoni. Mchotaji anajulikana, kiasi kinajulikana, na aliyetolewa damu anaendelea kuishi. Unyonyaji huanza pale masharti hayo yanapovunjwa. Historia ya ardhi ya Wamaasai tangu mikataba ya 1904 na 1911, kupitia ranchi za vikundi hadi ugawaji wa viwanja, inaweza kusomwa kwa kipimo hichohicho.

Kitengela, kwenye barabara iendayo Namanga, ni tunda la ugawaji huo pamoja na viwanda vya jirani vya Athi River. Sensa ya 2019 ilihesabu humo zaidi ya watu 150,000. Hadhira ya mji wa namna hii imelelewa pia na sanaa ya watafsiri wa filamu, kama DJ Afro nchini Kenya na marehemu Lufufu nchini Tanzania, ambao huisimulia upya filamu ya kigeni kwa Kiswahili. Kazi kubwa ya mtafsiri ni kuleta sababu: huyu ni nani, anamkimbiza nani, amemkosea nini. Mbele ya Rollin, mtafsiri angelazimika kumpa mnyonyadamu mwajiri. Watengenezaji wa video wa Tanzania walikwisha kufanya jambo la karibu na hilo katika miaka ya 2000. Filamu kama Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, nazo za gharama ndogo, zililiweka zimwi na jini ndani ya mahusiano ya mjini yanayotambulika.

6.0 Hitimisho

Imeonekana kwamba mtazamaji wa Paris aliyeirushia skrini vitu na msimulizi wa wazimamoto wa Nairobi walidai jambo moja: ajabu iwe na sababu. Anayezipenda filamu za Rollin ameliacha dai hilo kwa hiari. Hapati ukweli wowote kuhusu nani ananyonya nani; lakini pia ndoto hiyo haimwelekezei kidole mtu yeyote. Mumiani hutoa ukweli huo, na mara nyingine humtwika asiyehusika.

Uhakiki wa Kiswahili, ambao kwa muda mrefu uliita fasihi pendwa rahisi kabla ya kuisoma, unaweza kufaidika na ulinganisho huu. Kabla ya kuihukumu kazi kuwa duni kwa kukosa msuko, mhakiki aulize msuko huo ungemshtaki nani, na kama mtu huyo kweli ndiye aliyeshika kibuyu.