Zamu: Istilahi ya Michezo ya Vita

Katika michezo ya mikakati, ambayo mchezaji hukalia kiti cha amiri na kuyapeleka majeshi ya kubuni katika uwanja uliogawanywa vitalu vya pembe sita, hakuna istilahi yenye uzito kuliko ile ambayo Waingereza huiita "turn", nami nashikilia kwamba kwa Kiswahili ifasiriwe zamu, wala si duru, wala si raundi. Wako wanaoyatumia maneno haya matatu kana kwamba ni mamoja, na katika mazungumzo ya kawaida pengine hapana dhara. Lakini mwenye kusoma hadithi iliyojengwa juu ya kanuni za michezo hiyo, akataka kufahamu kwa nini jemadari mmoja alishambulia na mwenziwe akasita, atapotea mapema asipoyatenga.

Raundi ya ndondi ni muda ambao mabondia wawili hupigana kwa pamoja. Duru ni mzunguko mzima, kama vile duru ya kwanza ya ligi isivyokwisha mpaka timu zote zimekwisha kukutana. Zamu ni fungu la mmoja ndani ya duru: yeye hutenda, na wengine hungoja. Fauka ya hayo, zamu ni ulinzi. Baharia mwenye zamu hukesha wenziwe walalapo, askari hushika zamu langoni, na muuguzi wa zamu ndiye atakayeulizwa kukicha ni nini kilichompata mgonjwa usiku. Haki ya kutenda na dhima ya kujibu zimo pamoja ndani ya neno moja fupi, na sioni lugha nyingine ninayoijua iliyoziweka karibu namna hii.

Mchezo wa vita ambao luteni Georg von Reisswitz aliutunga kwa ajili ya maofisa wa Prussia, ukachapishwa mwaka 1824, uligawa wakati katika vipindi vya dakika mbili. Lakini pande zote mbili zilimpa mwamuzi amri zao kwa kipindi kile kile, naye akavisogeza vipande juu ya ramani. Hiyo, kwa maana tuliyoieleza, ni raundi. Charles Roberts alipotoa mchezo wake uitwao Tactics huko Marekani mwaka 1954, kila upande ulipewa fungu lake la kusogeza majeshi yake yote, na hapo ndipo zamu hasa iliposimama katika michezo ya vita ya kuuzwa. Wachezaji wa bao wa pwani hawakuhitaji kufundishwa jambo hili, kwa kuwa kwao zamu haikuwa kamwe hatua moja: mchezaji huendelea kula na kupanda kete, shimo kwa shimo, mpaka kete yake ya mwisho iangukie shimo tupu, na hapo husemwa kwamba amelala.

Mfano ulio bora wa kanuni hii katika fasihi ni Erfworld, hadithi ya katuni za mtandaoni iliyoandikwa na Rob Balder na kuchorwa mwanzoni na Jamie Noguchi, ambayo ilianza kutoka mwaka 2006. Ndani yake yumo Parson Gotti, Mmarekani mpenda michezo, anayevutwa kwa sihiri kutoka dunia yetu hadi dunia ambayo kanuni za mchezo ndizo kanuni za maumbile: askari hawazaliwi bali hutokea mjini wakiwa kamili, mwendo wa kila mmoja una kipimo, na aliyeumaliza mwendo wake hawezi kutoka katika kitalu alichomo hata angemwona adui anakuja, sharti asubiri zamu ya upande wake irudi. Parson amepewa kuulinda mji wa Gobwin Knob dhidi ya jeshi la muungano lililo kubwa mno. Hapigani na jeshi lote. Huwatuma wanyama wake warukao wakayavunje mazana ya kuzingiria mji, ambayo bila hayo kuta hazivunjiki, kisha warudi mbali wakiwa bado na mwendo. Hila hii haina maana yoyote mahali ambapo pande mbili hutenda kwa wakati mmoja. Imo ndani ya zamu, na atakayeandika raundi mahali pake atamfanya msomaji amwone Parson kuwa mtu wa bahati tu, ilhali ni mtu wa hesabu.

Na ni zamu hiyo hiyo inayofichua dhamira za watu. Ansom, mwana wa mfalme wa Jetstone anayeuongoza muungano, anaamini kwamba utawala ni amana waliyopewa wafalme na waumbaji wa dunia, na kwa hiyo Stanley, mtawala wa Gobwin Knob aliyepanda kutoka cheo cha askari wa kawaida, ni aibu inayopasa kufutwa. Mtu wa imani hiyo, zamu ikimfikia, haoni sababu ya kuiacha ipite bila kushambulia. Stanley naye, akijiona mteule, huondoka na wanyama wake bora akamwachia mgeni mji uliokwisha kuzingirwa. Simlaumu Ansom kama wengine wanavyomlaumu. Ujasiri wake ni wa kweli, na kosa lake ni kudhani kwamba adui asiye na nasaba hana pia akili.

Mwishoni Parson huwaunganisha watu watatu wa sihiri, Wanda mwenye elimu ya wafu, Sizemore mwenye elimu ya ardhi, na Maggie mwenye elimu ya akili, wakauhuisha mlima wa moto uliokuwa umekufa, na mji ukaangamia pamoja na jeshi lililokwisha kuingia ndani yake. Sizemore, mpole anayechukia kuua, hutii na kuomboleza. Parson ameshinda, lakini haonekani mtu wa furaha. Hesabu ya waliokufa humrudia, na hawezi kusema kwamba kanuni ndizo zilizotenda, kwa kuwa kanuni zilimpa nafasi tu, na uamuzi ulikuwa wake. Mfasiri atakayefika ukurasa huo na kuandika kwamba ilikuwa zamu ya Parson atakuwa amesema kwamba alikuwa na ruhusa, na kwamba yeye ndiye wa kuulizwa.