Mianya ya msuko katika filamu Gravity

Gravity ni filamu ya bunilizi ya kisayansi ya mwaka 2013 iliyoongozwa na Alfonso Cuarón wa Meksiko, aliyeiandika pamoja na mwanawe Jonás. Sandra Bullock ni Dkt. Ryan Stone na George Clooney ni Matt Kowalski, wanaanga wanaonusurika baada ya mabaki ya satelaiti kukivunja chombo chao. Ilishinda tuzo 7 za Oscar mwaka 2014. Uzuri wa picha zake haupingwi na mtu. Ubishi uko kwenye msuko.

Safari kati ya vituo

Huu ndio mwanya mkubwa kuliko yote, kwa sababu hadithi nzima imesimama juu yake. Stone na Kowalski wanatoka kwenye darubini ya Hubble hadi Kituo cha Anga cha Kimataifa kwa kutumia mkoba wa kurukia tu, kisha Stone anaendelea peke yake hadi kituo cha China, Tiangong. Filamu ilipotoka, Hubble iliizunguka Dunia kwenye kimo cha takriban kilomita 550, kituo cha kimataifa karibu kilomita 400. Tofauti hiyo ya kimo ni ndogo ikilinganishwa na ya mwinamo: mzingo wa Hubble umeinama nyuzi 28.5 kutoka ikweta, wa kituo cha kimataifa nyuzi 51.6. Kuhama kutoka mzingo mmoja hadi mwingine kunadai mabadiliko ya mwendo ya takriban kilomita 3 kwa sekunde. Mkoba halisi ambao NASA iliutumia mwaka 1984 haukufikisha hata mita 30 kwa sekunde.

Kifo cha Kowalski

Wakifika kituo cha kimataifa, Stone ananaswa mguu kwenye kamba za parachuti za Soyuz, chombo cha Urusi kilichopo hapo, Kowalski ananing'inia kwenye kamba ya usalama, naye anajifungua ili mwenzake apone. Ni tukio chungu, na ndiyo sababu kosa lake linauma zaidi. Wakishatulia hakuna tena kinachomvuta Kowalski. Mvuto mdogo tu wa mkono ungemrudisha. Watetezi husema kamba zilikuwa bado zinateleza mguuni, lakini picha zinawaonyesha wametulia. Mhusika anayependwa anakufa kwa nguvu ambayo haipo.

Mabaki

Mabaki yanarudi kila baada ya dakika 90, muda ambao kitu cha kimo hicho hutumia kuizunguka Dunia mara moja. Yanatokea mashariki kwenda magharibi, ilhali satelaiti nyingi huzunguka kinyume chake. Mwanafizikia wa nyota Neil deGrasse Tyson aliligusia hilo filamu ilipotoka, ingawa alisema aliifurahia. Mawasiliano pia yanakatika mapema mno, kwani wakati huo satelaiti nyingi za mawasiliano zilikuwa karibu kilomita 36,000 juu, mbali na mabaki hayo.

Mengineyo

Stone anavua vazi la anga akabaki na fulana na kaptula, bila nguo ya mabomba ya maji inayompoza mwanaanga. Machozi yake yanaelea, ilhali kwa kawaida hung'ang'ania jichoni. Ukimya wa anga, kwa upande mwingine, umeheshimiwa.

Hali ya sasa

Kisa kinachoanzisha yote, Urusi kulipua satelaiti yake kwa kombora, kilitokea kweli Novemba 2021. Satelaiti ya Kosmos 1408 ilivunjika vipande zaidi ya 1,500 vinavyofuatilika, na wanaanga wa kituo cha kimataifa wakajihifadhi ndani ya vyombo vyao vya kurejea Duniani.