Rasi 'lGhuli Sinemani: Mashujaa na Hukumu ya Hadhira

Jina la Rasi 'lGhuli si geni kwa wapenzi wa tenzi. Utenzi wenye jina hilo, uliotungwa na Mgeni bin Faqihi katika karne ya 19, una beti zaidi ya 4,000, nao ni miongoni mwa tenzi ndefu kabisa za Kiswahili. Ulihaririwa na Leo van Kessel na kuchapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1979. Humo Rasi 'lGhuli ni mfalme jeuri wa Yemen, adui wa Uislamu, na Masahaba wa Mtume wanamwendea kwa vita, Sayyidna Ali akiwa mstari wa mbele. Kisa chenyewe kilitokana na masimulizi ya Kiarabu ya vita vya mwanzo wa Uislamu, kikavuka maji, kikatiwa vina na mizani, kikawa chetu.

Mwaka 1971 jina hilohilo lilizuka mahali pasipotarajiwa. Katika jarida la katuni la Batman, toleo la 232, mwandishi Dennis O'Neil na mchoraji Neal Adams walimleta adui mpya wa shujaa wao: mzee mwenye umri wa karne nyingi, mwenye hekima na ukatili kwa pamoja, akiitwa Ra's al Ghul. Jina hilo lilipendekezwa na mhariri wao, Julius Schwartz. Mwaka 2005 adui huyo akafika sinemani katika filamu ya Batman Begins iliyoongozwa na Christopher Nolan. Mashabiki wa Marekani wakazuka na mzozo ambao msomaji wa pwani hana budi kuutabasamia: jina hili hutamkwaje? Wako walioshikilia "Reish", kama lilivyosikika katika filamu za katuni za televisheni za miaka ya 1990. Wako walioifuata filamu, iliyotamka "Raz". Mswahili yeyote aliyepita chuoni angaliwaambia kwa neno moja kuwa ni rasi, yaani kichwa, na kwamba ghuli ni zimwi.

Hakuna haja ya kudai kwamba Wamarekani waliuchukua utenzi wetu. Hawakuujua. Jina ni la Kiarabu, nalo limesafiri kwa njia nyingi. Hata nyota ambayo Wazungu huiita Algol imepata jina lake humo. Linalostahili kuzingatiwa ni jambo jingine, nalo ni hadhira. Mzozo ule juu ya matamshi haukuwa upuuzi wa vijana wasio na kazi. Ulikuwa mzozo wa watu wanaokijua kisa kabla hakijasimuliwa, wakaja kumsikiliza msimulizi ili wamhukumu. Hadhira ya namna hiyo tunaijua. Ndiyo iliyozilea tenzi zetu.

Aghalabu hudhaniwa kwamba mashujaa wa katuni ni bidhaa za makampuni makubwa, na kwamba mashabiki ni wanunuzi tu. Historia inatuonyesha kinyume chake. Mwaka 1926 Hugo Gernsback alianzisha jarida la hadithi za kisayansi liitwalo Amazing Stories, akawa anachapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao. Wasomaji wakaanza kuandikiana wenyewe kwa wenyewe, kisha wakatoa majarida yao madogo kwa mashine za kunakilia. Julius Schwartz, yule aliyekuja kulipendekeza jina la Ra's al Ghul, alikuwa mmoja wa vijana hao. Mwaka 1932 alishiriki kutoa jarida la mashabiki liitwalo The Time Traveller. Vijana wengine wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, walitoa lao, na ndani yake mwaka 1933 wakachapisha hadithi iliyolitaja kwa mara ya kwanza jina lao la Superman, ingawa wakati huo lilikuwa jina la mtu mwovu. Shujaa tunayemjua alitokea mwaka 1938. Basi shabiki alimtangulia shujaa, na shujaa alizaliwa mkononi mwake.

Sinema ilipowachukua mashujaa hao, iliwakuta tayari wana watu wao. Captain Marvel alitolewa mwaka 1941 katika filamu ya mfululizo yenye sehemu 12, na Batman akafuata mwaka 1943 katika sehemu 15. Watoto walikwenda wiki baada ya wiki kuona sehemu mpya, na kati ya wiki na wiki walibishana jinsi shujaa atakavyonusurika. Mwaka 1966 televisheni ilimfanya Batman kuwa kichekesho chenye rangi kali. Watu wazima wengi walicheka, lakini wako waliojiona wamechekwa wao. Mmoja wao alikuwa Michael Uslan, kijana wa New Jersey, aliyeapa kwamba ipo siku atamrejeshea Batman heshima yake. Mwaka 1979 yeye na Benjamin Melniker walinunua haki ya kumtengenezea filamu, na wakahangaika miaka 10 kabla filamu hiyo haijatoka.

Hapo ndipo penye funzo la kwanza. Mwaka 1988 ilipotangazwa kwamba Batman ataigizwa na Michael Keaton, mtu aliyejulikana kwa vichekesho, mashabiki walihamaki. Barua za kulalamika zilimiminika katika kampuni ya Warner Bros.; yasemekana zilikaribia 50,000. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameiona filamu. Kampuni ikalazimika kuharakisha trela, na ilipoonyeshwa, wako waliolipa kiingilio cha filamu nyingine ili waione trela hiyo, kisha wakaondoka zao. Filamu ilipotoka Juni 1989 ilipata zaidi ya dola milioni 400 duniani, na wengi wa waliolalamika wakawa watetezi wa Keaton. Kisa hicho kilijirudia kwa sura ileile mwaka 2006 alipochaguliwa Heath Ledger kuwa Joker. Filamu yake, The Dark Knight, ilitoka mwaka 2008, miezi michache baada ya yeye kufariki, na mwaka 2009 akatunukiwa Oscar akiwa kaburini. Kikajirudia tena mwaka 2019 alipotajwa Robert Pattinson, na tena Julai 2024 ilipotangazwa kwamba Robert Downey Jr., aliyekuwa Iron Man tangu 2008, angerudi kuwa adui aitwaye Doctor Doom.

Mtu wa nje huuliza: ya nini kuhukumu kitu kisichokuwako bado? Jawabu ni kuwa kwa shabiki kitu hicho kiko. Kisa kimo kichwani mwake, na filamu ijayo ni usimulizi mmoja tu miongoni mwa mingi. Anachokihofia ni kuwa msimulizi huyu hatakitendea haki. Tumtazame Fumo Liyongo. Utenzi wake uliandikwa na Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, lakini visa vyake vilikuwa vinywani mwa watu zamani kabla ya hapo. Aliyeusikiliza utenzi ule alikwisha kujua kwamba tupa itafichwa ndani ya mkate wa makapi na kupelekwa gerezani, kwamba mwana atamsaliti baba, na kwamba msumari wa shaba utachomwa kitovuni. Hakuja kujua mwisho. Alikuja kuona kama mtungaji ataufikia mwisho huo kwa namna inayomstahiki Liyongo, aliyekufa amepiga goti na upinde mkononi, hata watu wakaogopa kumkaribia maiti.

Mfanano huu waweza kupelekwa mbali zaidi. Superman naye hadhuriki ila kwa kitu kimoja, jiwe la kutoka sayari alikozaliwa, nalo halikuwamo katika hadithi ya mwanzo. Lilitiwa katika mchezo wa redio mwaka 1943, likakubaliwa, na tangu hapo hakuna msimulizi anayeweza kuliacha bila ya kuulizwa. Ndivyo kisa kinavyokua. Mmoja huongeza, hadhira hupima, kinachofaa hubaki.

Ama sisi, sinema ilitukuta tuna hadhira ya namna hiyo. Jumba la Royal lilifunguliwa Vuga, mjini Unguja, mwaka 1921. Likaungua mwaka 1954, na pahali pake pakajengwa Majestic. Yalikuwapo pia Empire na Cine Afrique. Filamu za Kihindi kama Awara ya mwaka 1951, ya Raj Kapoor, ziliwaliza na kuwaimbisha watu wasiojua neno la Kihindi, na muziki wake ukaingia katika taarabu. Filamu haikwisha taa zilipowashwa. Iliendelea njiani, kisha barazani, ambako mwana kumkana baba au binti kufuata moyo wake yalikuwa mambo ya kuamuliwa, na kila mtu alikuwa kadhi. Majumba yale yalikuja kufungwa, televisheni na kanda za video zikachukua nafasi yake. Tamasha la filamu la Zanzibar, lililoanza mwaka 1998, liliirudisha hadhira pamoja chini ya nyota za Ngome Kongwe, japo kwa siku chache tu za mwaka.

Katika mabanda ya video, bara na pwani, hadhira ilipata sauti nyingine. Watafsiri kama Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, walizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, wakiongeza chumvi, wakiwakejeli waovu, wakiwapa wahusika majina na mithali za hapa. Nchini Kenya DJ Afro akapata umaarufu kwa kazi hiyohiyo. Wenye kupenda usafi wa sanaa waliwadharau. Lakini walilokuwa wakilifanya ndilo alilolifanya Mgeni bin Faqihi: walipokea kisa cha wageni, wakakisema upya mbele ya watu wao, na watu wao wakawahukumu papo hapo, kwa kicheko au kwa kuondoka.

Ipo tofauti moja, hata hivyo, na ndiyo inayonishughulisha. Siegel na Shuster waliuza haki zote za Superman mwaka 1938 kwa dola 130. Tangu hapo shujaa aliyezaliwa na mashabiki akawa mali ya kampuni, na shabiki akabaki kumpenda mtu asiye wake. Anaweza kuandika barua, kulalamika na kushangilia, lakini hawezi kukisimulia kisa upya kwa idhini yake mwenyewe. Hasira yake, ambayo mara nyingine huvuka mipaka na kuwaumiza waigizaji, kwa kiasi fulani ni hasira ya mrithi aliyenyimwa urithi. Mara chache hushinda: Justice League ya mwaka 2017 ilipowachukiza, mashabiki walidai toleo la mwongozaji Zack Snyder kwa zaidi ya miaka miwili, na Machi 2021 likatolewa, filamu ya saa nne. Lakini hata ushindi huo ulikuwa wa kuomba na kupewa.

Liyongo hana kampuni. Hakuna wa kumshitaki mtungaji atakayemsimulia kesho kwa utenzi, kwa tamthilia, kwa katuni au kwa filamu. Wasomi hawajaafikiana hata aliishi karne gani, na huo ni mlango ulio wazi kwa msanii. Kwa hali ya sheria, sisi ni matajiri kuliko mashabiki wa Batman. Tulichopungukiwa ni mabishano. Vijana wengi wa visiwani wanaweza kukueleza, kwa ushahidi na kwa jazba, kwa nini Superman wa mwaka 2025 alifaa au hakufaa kurudishiwa chupi yake nyekundu ya nje. Waulize iwapo Liyongo alifanya hekima kumfichulia mwanawe siri ya kifo chake, na wengi watanyamaza. Si kwa kuwa ni wajinga. Hawajawahi kumsikia mtu akilibishania.

Wapo wanaosikitika kwamba mashujaa wa Marekani wamewateka watoto wetu. Sikitiko hilo nalifahamu, lakini naona limeelekezwa pasipo pake. Kumzuia kijana asiende kumtazama Batman hakutamfanya amjue Liyongo, wala Mwana Kupona, wala Rasi 'lGhuli wa Mgeni bin Faqihi. Kijana huyo tayari ana kila alichokuwa nacho msikilizaji wa zamani wa tenzi: kumbukumbu ya visa, wivu juu ya heshima ya shujaa, subira ya kungojea usimulizi ujao, na ulimi wa kuutolea hukumu. Hadhira ipo. Inayongojewa ni kazi: diwani zilizomo makabatini zichapwe kwa bei ya kijana, tenzi ziimbwe hadharani kwa sauti na si kusomwa mitihanini tu, watungaji na wachoraji wathubutu kuvisimulia visa vya zamani kwa namna zitakazowaudhi baadhi yetu.

Tena wakituudhi, tusikasirike upesi. Siku vijana wawili watakapokaribia kugombana barazani kwa sababu filamu fulani imemfanya Liyongo mfupi, au imemwondoa mama yake katika kile kisa cha mwisho pale kisimani, tutajua kwamba shujaa huyo amerudi kuishi.