Kutoka Igandu hadi mteremko wa Nyamongo

Wadau, juzi nilikuwa safarini, natoka Tarime kwenda Mugumu. Tunashuka kutoka Nyamwaga kuelekea Nyamongo, nikasikia chuma kinasaga chuma tairi la mbele. Abiria kimya. Nami mwandishi wa habari mzima, kimya! Mawazo yakanipeleka Igandu.

Juni 24, 2002, treni yenye abiria zaidi ya 1,200 ilipata hitilafu ya breki ikipanda mlima mkoani Dodoma. Ikarudi nyuma yenyewe, ikashika kasi, ikagonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa.

Kinachouma ni kwamba breki ya upepo ya treni ilibuniwa kwa kuogopa hayo hayo. Mwaka 1872 Mmarekani George Westinghouse aliiboresha ili upepo ukivuja kwenye bomba, breki zijikamate zenyewe. Lakini hata upepo uliohifadhiwa kwenye matangi ya mabehewa huisha. Mlima hauchoki kusubiri.

Gari dogo linategemea mafuta ya breki, nalo husema kabla ya kushindwa: pedali inazama, usukani unavuta upande ukikanyaga breki, harufu ya kuungua mteremkoni, taa nyekundu, au mlio kama ule niliousikia.

Hatimaye nikamwambia dereva. Tulipofika Nyamongo akachungulia: pedi zimekwisha kabisa. Tukasubiri gari jingine saa mbili, wengine wakininunia.

Wadau, abiria wa Igandu hawakuwa na la kufanya. Sisi mdomo tunao. Tunaogopa nini kuutumia?