Fishie ya kusoma tu, herufi y, na watoto wa Kibaale



Wengi wetu tukipokea fishie ya kusoma tu, ya mvua ao ya udongo, tunaanza kuandika upya kwa mkono, namba kwa namba. Huku kwetu Wamaza batri ya sola ikiisha usiku, kazi inalala hapo. Na milimita za mwezi moja zikiruka, hesabu ya msimu muzima inaharibika. Taabu ya bure! Kusoma tu maana yake usiguse asili. Kunakili hakukukatazwa.

Mambo hii iko na historia. Mwaka 1976 Bill Joy, mwanafunzi wa Berkeley kule Marekani, alitengeneza vi. Kazi yote ilikuwa kwa klavye, hakuna kipanya. Herufi c ilishachukuliwa na kubadilisha, basi kunakili kukapewa y, na kubandika p. Kwa kuwa y haibadilishi kitu ndani ya fishie, inakubali hata fishie ikifungwa. Mwaka ule ule, huko MIT, Emacs ikaanza. Ile inachekesha: ukiiambia ikate maneno katika maandishi ya kusoma tu, inakataa kufuta, inalalamika, lakini nakala imeshakuwekea.

Halafu kukaja Mholanzi, Bram Moolenaar. Vim yake ilitoka 1991, kwanza kwa ordinatere za Amiga. Kuanzia katikati ya 1994 hadi katikati ya 1995 alijitolea Kibaale, eneo la Rakai, kusini mwa Uganda, akisaidia kituo cha watoto kwa mambo ya maji na usafi. Watu wa kule wengi ni wakulima kama wa kwetu, na ukimwi ulikuwa umeacha yatima wengi sana. Aliporudi Uholanzi hakuwasahau. Akaweka ombi ndani ya Vim: tumia na nakili upendavyo, ila ukiweza, changia watoto wa Uganda. Mimi naona ile ni bei ya heshima kuliko bei zote za programu.

Andika :help uganda, utalisoma mwenyewe, hata bila intaneti kama maandishi ya msaada yamewekwa. Tena ukurasa ule ni wa kusoma tu! Jaribu dd kufuta mustari: inakataa. Sasa bonyeza V, shuka na j mpaka unapotaka, bonyeza y. Andika :new, bonyeza p. Maneno yote yako pale, na asili haikuguswa.

Bram alifariki tarehe 3 Agosti 2023. Ombi lake lingali ndani.

Kwa fishie zenu za mvua, fungueni na view badala ya vim, halafu jina la fishie. Na kama unataka kupeleka namba katika programu ingine, chagua mistari kisha andika "+y. Vim zingine ndogo hazina uwezo huo. Hapo :w na jina jipya, ukishachagua mistari, inatosha.