Feleji na Chuma cha Ziwa

Katika majiko ya Mabatini, jijini Mwanza, ambako sato na sangara ni kitoweo cha kawaida, hakikosekani kisu kilichofuliwa na mhunzi kutokana na springi ya gari kuukuu, cheusi ubapani, cheupe uzi mmoja tu kwenye makali, ambacho kikilala na maji huamka na kutu. Na anayekidharau kwa ajili ya kutu hiyo hajapata kuizingatia historia ya chuma cha Ziwa Victoria.

Kabla reli haijafika Mwanza mwaka 1928, na kabla bidhaa za chuma za Ulaya hazijafurika masokoni, majembe mengi ya Usukuma yalitoka magharibi, kwa Warongo wa Uzinza, pande za Geita na Biharamulo, waliovukuta matanuri ya udongo mpaka mawe yakatoa chuma. Basi jembe halina haja ya feleji, yaani chuma cha pua. Ardhi ya Usukuma imejaa majabali, na jembe gumu mno likigonga jiwe huvunjika, ilhali lile laini hupinda tu, likarudi kwa mhunzi likanyoshwa.

Kwamba mafundi wa kandokando ya ziwa waliweza kupata chuma cha pua, hilo lilidhihirika mwaka 1976, wazee wa Kihaya, waliokuwa wameiacha kazi hiyo kwa miongo mingi, walipojenga tena tanuri mbele ya mwanaakiolojia Peter Schmidt. Na mwaka 1978 yeye na mwenzake Donald Avery wakatangaza katika jarida la Science kwamba mirija ya udongo, iliyoingizwa ndani sana ya tanuri, iliipasha hewa joto kabla haijayafikia makaa. Wengine waliipinga hoja hiyo ya hewa, wala sitayafuata mabishano yao. Linalonishughulisha ni donge lenyewe lililotoka tanurini, kwani halikuwa na tabia moja: hapa laini, pale pua, na katikati mavi ya chuma, hata mhunzi hakuwa na budi kulivunja, kulitazama na kuchagua.

Uchaguzi huo haujaisha hata leo. Ugumu na ustahimilivu ni kama wake wenza, kwa kuwa ukimzidishia mmoja, mwingine hununa: kaboni ikipungua sana makali hujikunja, ikizidi, na chuma kikazamishwa majini kingali chekundu, makali hukaa siku nyingi lakini hubanduka kwenye mfupa, isipokuwa fundi amekirudishia moto kidogo kukituliza. Springi, yenye kaboni kama asilimia 0.6, imekaa katikati, na mhunzi huipata bila kuichimba.

Kutu nayo ilipatiwa dawa. Harry Brearley, mtaalamu wa chuma wa Sheffield, Uingereza, alipopata mwaka 1913 chuma kisichoshika kutu kwa kukitia kromi kiasi cha asilimia 13, alichekwa na watu wa mji wake kuwa amevumbua kisu kisichokata. Kicheko hicho hakikudumu, na viwanda vya minofu ya sangara vilivyoenea Mwanza tangu miaka ya 1990, ambavyo haviwezi kuivumilia kutu, visingeweza kutumia kisu kingine. Lakini huko kinoo kizuri kipo karibu wakati wote, na nyumbani Mabatini kinoo ni jiwe la uani, ambalo springi hulitii upesi kuliko kisu cha dukani.