Sabuni ya kuyeyusha

Sabuni ya kuyeyusha ni sabuni iliyokwisha kupikwa kiwandani, ikauzwa kwa mabonge au kwa ndoo ili mnunuzi aiyeyushe nyumbani, aitie rangi na manukato, kisha aimimine kwenye kalibu. Wauza malighafi huiita besi ya sabuni. Anayeitumia hagusi kostiki soda, kwa kuwa soda na mafuta vilikwisha kumenyuka kiwandani. Sabuni inayotengenezwa kwa njia ya baridi huachwa ikauke wiki 4 hadi 6. Ya kuyeyusha hutumika mara tu inapoganda.

Muundo

Msingi wake ni chumvi za sodiamu za asidi za mafuta, aghalabu ya mawese na ya nazi. Kipande cha sabuni ya kawaida kikiwekwa jikoni hulainika, hufanya madonge na mwisho huungua. Besi huyeyuka kwa sababu ina gliserini, propilini glaikoli, sobitoli, sukari na maji, ambavyo pia huzuia fuwele za sabuni zisikue kiasi cha kuziba mwanga. Ndiyo siri ya ung'avu wake. Besi nyeupe imeongezwa titani dioksidi. Nyingi hutiwa pia visafishi vya viwandani, kama sodiamu laurethi salfeti, ili povu liwe jingi. Neno "asilia" linalopamba lebo za wauzaji wengi kwa hiyo lisichukuliwe kijuujuu. Orodha ya viambato ndiyo ya kusomwa.

Historia

Sabuni ang'avu ni ya zamani. Andrew Pears, kinyozi kutoka Cornwall, aliitengeneza London mwaka 1807, naye aliyeyusha sabuni yake kwa alkoholi. Besi za kazi za mikono zilikuja baadaye sana.

Kazi yenyewe

Bonge hukatwa vipande vidogo vinavyolingana ili viyeyuke pamoja. Vipande huwekwa kwenye bakuli lililokaa juu ya sufuria ya maji ya moto, au kwenye maikrowevu kwa vipindi vya nusu dakika. Besi nyingi huyeyuka kati ya nyuzi 50 na 65 za Selsiasi. Ikiachwa ichemke hupoteza maji, hugeuka manjano na hutoa harufu nzito ambayo hakuna marashi yanayoifunika. Bakuli hufunikwa, na kijiko huzungushwa polepole, kwani kukoroga kwa nguvu huingiza hewa. Sabuni ya moto ikimwagikia mkono huganda kwenye ngozi kama shira na kuendelea kuunguza, hivyo watoto hukaa mbali na jiko.

Vipimo ni vya uzito. Manukato huwa asilimia 1 hadi 3: kwa nusu kilo ya besi, asilimia 1 ni gramu 5, na gramu 15 ndio ukomo wa kawaida. Mafuta ya karafuu hutiwa kwa kiasi kidogo kuliko hicho, maana yana eugenoli nyingi na hukera ngozi. Mafuta ya nazi au ya mbegu nyingine yakizidi kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo, povu hupungua na sabuni huteleza mkononi kwa namna isiyopendeza. Rangi ya chakula huhama kutoka tabaka moja kwenda jingine na hufifia juani. Maika na rangi za madini hutulia.

Unga wa manjano, liwa, kahawa au mwani hutiwa sabuni ikiwa imepoa kidogo. Ukitiwa mapema huzama wote chini, na kipande hutoka na doa upande mmoja. Dalili ya wakati mwafaka ni utando mwembamba unaoanza kushika ukingoni mwa bakuli, karibu nyuzi 50. Papai bichi, tango au maziwa freshi havifai kabisa: kiasi cha maji huongezeka na sabuni huota ukungu.

Baada ya kumimina, uso hupuliziwa alkoholi ya isopropili ili mapovu yapasuke. Alkoholi hiyohiyo hupuliziwa kati ya tabaka mbili, la sivyo hubanduka sabuni inapotumika. Sabuni huachwa saa kadhaa penye joto la kawaida. Kuiweka kwenye friza huharakisha kazi na huharibu uso. Mabaki huyeyushwa upya.

Kutoka jasho

Gliserini huvuta unyevu wa hewa. Mombasa, Dar es Salaam, Unguja na miji yote yenye hewa nzito ya pwani, kipande kisichofunikwa huota matone madogo usoni. Hakijaharibika, ila mteja hudhani hivyo. Tiba ni kukizungushia karatasi laini ya plastiki isiyopitisha hewa mara tu kinapotolewa kwenye kalibu. Ziko pia besi zilizopunguzwa jasho, kwa bei ya juu.

Biashara na udhibiti

Utengenezaji wa sabuni ni miongoni mwa mafunzo ya SIDO, shirika la viwanda vidogo la Tanzania lililoanzishwa mwaka 1973. Nchini Marekani, besi yenye visafishi vya viwandani huhesabiwa kuwa kipodozi, si sabuni. Nchini Kenya viwango ni kazi ya KEBS, shirika la viwango la nchi hiyo. Nchini Tanzania usimamizi wa vipodozi ulihamishwa mwaka 2019 kutoka TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kwenda TBS, shirika la viwango.